Taa ya ndani ya gari: ndogo kwa umbo, kubwa kwa madhara

Usiku wa kuamkia Jumapili moja, yapata saa 8, tulibishiwa hodi kwa nguvu. Aliyesimama mlangoni alikuwa jirani yetu, mke wa askari ambaye wakati huo alikuwa kazini mbali na nyumbani. Mtoto wake alikuwa amepandwa na homa kali, na gari lao, Toyota Corolla ya siku nyingi, lilikuwa limekataa kuwaka. Tulikusanyana watu watano tukalisukuma kutoka uani hadi barabarani, ndipo likaguruma, na mtoto akafikishwa hospitali salama. Kulipopambazuka chanzo kikajulikana. Taa ndogo ya darini ilikuwa ikiwaka tangu Ijumaa jioni, kwa kuwa swichi ya mlango mmoja wa nyuma ilikuwa imekwama. Na kwa vile gari lilifunikwa turubai, hakuna aliyeiona.

Ndugu msomaji, hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Balbu ya darini katika gari la volti 12 kwa kawaida huwa ya wati 5 hadi 10. Ile ya wati 10 hunywa umeme wa ampea 0.8 hivi muda wote inapowaka. Betri ya gari dogo, ikiwa mpya na imejaa, huweza kuwa na akiba ya ampea-saa 45. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 8 usiku ni saa 32. Kwa muda huo balbu imekwisha kunywa ampea-saa 26, yaani zaidi ya nusu ya akiba yote. Na betri iliyochakaa haina hata hizo 45.

Kwa hiyo taa ya ndani si pambo. Habari njema ni kwamba maradhi yake mengi hutibika nyumbani, bila fundi, kwa bisibisi, kipande cha msasa laini na subira.

Jinsi umeme unavyotembea

Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, huingia katika balbu, kisha hutafuta njia ya kurudi ulikotoka. Katika magari mengi ya zamani, njia hiyo ya kurudi ni bodi yenyewe ya chuma. Swichi ndogo iliyofungwa katika nguzo ya kila mlango ndiyo inayoamua. Mlango ukifunguliwa, kitufe cha swichi hutokeza nje, waya hugusana na bodi, na taa huwaka. Mlango ukifungwa, kitufe husukumwa ndani, njia hukatika, na taa huzimika. Mwenye kulifahamu hilo amekwisha kupata nusu ya ufundi.

Kama taa haiwaki

Anza na kilicho rahisi. Taa nyingi za darini zina swichi yake yenye nafasi tatu: kuzima, kuwaka kwa mlango, na kuwaka moja kwa moja. Huenda mtoto ameichezea. Iweke katika nafasi ya kuwaka moja kwa moja. Ikiwaka hapo, balbu ni nzima na fyuzi ni nzima, usizinunue. Ugonjwa uko katika swichi za milango au nyaya zake.

Ikikataa kuwaka kabisa, tazama vitu vingine. Katika magari mengi fyuzi ya taa hii huhudumia pia saa ya gari, taa ya buti au kumbukumbu ya redio. Vyote vikifa pamoja, shuku fyuzi. Ikiwa taa peke yake ndiyo iliyokufa, shuku balbu.

Kabla ya kufungua kifuniko cha taa, chomoa fyuzi yake, au legeza waya wa betri kwenye kichwa chenye alama ya kutoa, kwa maana bisibisi ikigusa mahali pasipostahili huunguza fyuzi papo hapo. Balbu ikiwa imetoka kuwaka, iache ipoe. Itazame kwenye mwanga: uzi wake ukikatika au kioo kikiwa cheusi, imeungua. Ikiwa ni nzima, angalia vishikizo vyake viwili. Mara nyingi huwa vimeshika ukungu wa kutu au vimelegea. Visugue kwa msasa, vibane kidogo kwa vidole, kisha uirudishe. Taa inayozimika na kuwaka gari lipitapo kwenye mashimo mara nyingi huponea hapo.

Ikiwa taa huwaka kwa milango mingine na mlango mmoja tu ndio haufanyi kazi, fungua skrubu ya swichi ya mlango huo uivute nje polepole. Ikiwa ina waya mmoja tu, uchomoe, kisha, fyuzi ikiwa imerudishwa mahali pake, ugusishe ncha yake na chuma kitupu cha bodi. Taa ikiwaka, waya ni mzima na swichi ndiyo mgonjwa. Isugue kutu, safisha na mahali inapokalia, kaza skrubu sawasawa. Angalia waya usikuponyoke na kutumbukia ndani ya nguzo: ufunge kwanza kwa uzi. Swichi yenye nyaya mbili au zaidi mwachie fundi wa umeme.

Kama taa haizimiki

Fanya kazi hii jioni, mkiwa wawili. Mmoja aitazame taa, mwingine abonyeze kwa kidole kitufe cha kila mlango ulio wazi, huku milango mingine imefungwa. Taa ikizimika kwa kidole lakini isizimike mlango ukifungwa, mlango haukifikii kitufe: huenda kofia yake ya mpira imechanika au bawaba zimelegea. Isipozimika, chomoa nyaya za swichi moja baada ya nyingine. Ukichomoa mmoja na taa ikazimika, swichi hiyo imekwama. Ukizichomoa zote na taa ingali inawaka, wakati swichi ya taa yenyewe iko katika nafasi ya mlango, yupo waya uliochubuka unaogusa bodi. Mpelekee fundi, na hadi siku hiyo, iweke taa katika nafasi ya kuzima.

Fyuzi haina mbadala

Wapo wanaofunga kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Huo ni ujanja wa kujichimbia kaburi. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiinyima kazi hiyo, moto huhamia chini ya zulia na nyuma ya viti wanapokaa watoto. Weka ya kiasi kile kile kilichoandikwa. Katika fyuzi za meno mawili, nyekundu ni ya ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20. Fyuzi mpya ikiungua mara tu iwekwapo, usiweke ya tatu. Tafuta fundi.

Neno kwa walio kazini

Malori mengi ya jeshi na magari makubwa hutumia volti 24, na gari la nyumbani hutumia 12. Balbu ya lori ikifungwa katika gari dogo hutoa mwanga hafifu, mwenyewe akadhani betri inakufa. Ya gari dogo ikifungwa katika lori huungua mara moja. Mali ya serikali ibaki ya serikali. Balbu ya nyumbani inunuliwe dukani. Zile za LED zinazouzwa siku hizi hunywa umeme kidogo. Ukifunga moja isiwake, igeuze upande, kwa kuwa nyingi huchagua mwelekeo.

Swichi ya jirani yetu ilipona kwa msasa na tone la mafuta, bila kulipiwa hata senti. Tangu siku hiyo mtoto wake mkubwa amepewa kazi moja kila jioni: gari likishafungwa, husimama dirishani akachungulia darini kabla turubai halijashushwa.