Ukuta wa Tumbo la Mnyama

Mfugaji wa Lutindi, katika milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe, aonapo uvimbe ubavuni mwa mbuzi wake, huenda akadhani ni jipu, akatafuta kisu. Leo twataka kueleza kwa nini kisu hicho kingoje.

Mtu aliyepata kuchuna mbuzi amekwisha kuuona ukuta wa tumbo, ila labda hakuutazama sana. Chini ya ngozi pana utando wa manjano uvutikao ukarudi. Katika ng'ombe ni mnene, wala si ajabu, maana tumbo lake kubwa la kucheulia laweza kuchukua lita 100 na zaidi, na mzigo huo humwelemea usiku na mchana. Ndani ya utando huo, ubavuni, ziko tabaka tatu za misuli. Nyuzi za tabaka ya nje hutoka mbavuni, zikashuka kuelekea nyuma. Za tabaka ya kati hutoka kwenye mfupa wa nyonga, zikashuka kuelekea mbele, hata zikapishana na zile za kwanza kama chane za mkeka. Ila hizi hazikusukwa, zimelaliana tu. Za ndani hushuka wima kutoka mgongoni. Tena uko msuli wa nne, mrefu kama mshipi, utokao kidarini mpaka kinenani chini ya tumbo. Misuli hii ikikaza pamoja husaidia kutoa kinyesi, na ng'ombe azaapo humsukuma ndama.

Sasa, mbuzi akipigwa pembe ubavuni, ngozi yaweza kubaki nzima, kwa kuwa huvutika, na misuli ikapasuka chini yake. Utumbo hupenya katika tundu hilo ukakaa chini ya ngozi. Hiyo ni ngiri. Apasuaye hapo akitafuta usaha hukata utumbo, naye mbuzi hufa. Ndama pia aweza kuzaliwa na ngiri ya kitovu.

Mlazeni mbuzi kwa ubavu usio na uvimbe, mkaubonyeze taratibu. Ngiri mara nyingi ni laini, hurudi ndani, na kidole hugusa ukingo wa tundu. Jipu halirudi. Lakini ngiri iliyobanwa nayo hukataa kurudi, ikawa ngumu, yenye moto na maumivu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Utumbo uliobanwa hukosa damu ukaanza kuoza. Mnyama huyo huacha kula. Aitwe bwana mifugo siku ile ile, na kama ni kupasua, apasue yeye.