Maji Yakiingia Katika Giaboksi ya Lori

Wakulima wenye lori, ama walioshirikiana kulinunua ili wapeleke mazao sokoni, hawasahau kutazama mafuta ya injini na pumzi za magurudumu. Giaboksi husahauliwa, maana imefichwa chini, wala haipigi kelele mpaka imekwisha kuharibika. Masika ya mwaka 2024, mto Rufiji ulipofurika, na sehemu nyingi za Kenya vilevile, njia za magari zilifunikwa na maji. Mafuriko ya namna hiyo hayana budi kurudi, kwa hiyo yafaa kila mwenye lori ajue la kufanya siku ile ile.

Mtu aweza kuuliza: giaboksi ni chuma kilichofungwa pande zote, maji yapitaje? Sababu ni joto. Lori likiisha kwenda mwendo mrefu na mzigo, giaboksi huwa moto, na hewa iliyomo ndani hupanuka. Kwa ajili hiyo imewekewa tundu dogo la kupumulia, ili hewa itoke isije ikazisukuma sili. Basi lori likiingia mtoni ghafula, chuma hupoa, hewa husinyaa, nayo giaboksi huvuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Tundu likiwa chini ya maji, huvuta maji. Likiwa limezibwa na matope, huyavuta kwa njia ya sili. Difu nayo hufanya vivyo hivyo, tena ndiyo itanguliayo kuzama. Kwa hiyo ukifika kwenye maji, usiingie mara moja. Liache lori lipoe kwanza. Hata nusu saa ni afadhali.

Maji hayana utelezi wa mafuta. Gia zikiyavuruga pamoja, mchanganyiko hugeuka mweupe kama maziwa, nao hauwezi kuzuia chuma kisisagane na chuma. Lori likisimama bila kazi ni vibaya zaidi, kwani maji hutuama chini na kutu huanza kuzila beringi. Asemaye, "Nitalitazama nikiisha kuvuna," ajitafutia gharama ya giaboksi nzima kwa kuokoa bei ya lita chache za mafuta.

Lori likizama, usiliwashe, wala usilivute hovyo. Katika malori mengi gia hupata mafuta pale tu injini inapozizungusha. Likivutwa huku magurudumu ya nyuma yanazunguka chini, shafti kuu ya giaboksi huzunguka kavu, nayo yaweza kuungua kabla hujafika nyumbani. Fungua propela shafti kwanza, ama inua magurudumu yale juu ya ardhi.

Weka lori mahali palipo sawa, uzuie magurudumu kwa magogo. Fungua kwanza plagi ya juu, ile ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Wengi hufanya kinyume chake: humwaga mafuta yote, kisha huona ya juu imeshikwa na kutu, na lori halina mafuta wala njia ya kuyatia. Ikiwa lori limelala usiku kucha, maji safi hutangulia kutoka, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Ukiwa na shaka, pasha moto kipande cha bati, udondoshe tone moja la mafuta, nawe ukae mbali kidogo. Likitatarika, maji yamo. Tazama pia plagi yenyewe. Unga laini mweusi wa chuma ni jambo la kawaida, lakini vipande vya meno ya gia vyataka fundi.

Jaza mafuta mapya ya namna iliyotajwa katika kitabu cha gari. Endesha pole pole maili chache bila mzigo, kisha uyamwage yangali moto. Yakitoka meupe, rudia tena mpaka yatoke safi. Usioshe kwa mafuta ya taa na kuendesha nayo, hayalindi chuma. Difu itendee vivyo hivyo.

Haya yote ni kwa giaboksi ya kubadili gia kwa mkono. Ile ya otomatiki ina sahani zilizogandishwa tabaka la msuguano kwa gundi, na maji hulibandua. Tena yaweza kupata maji hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa katika magari mengi mafuta yake hupozwa ndani ya rejeta, na kipoza hicho huweza kutoboka. Mafuta mekundu yakigeuka ya waridi kama maziwa, lipelekwe gereji likiwa limebebwa.

Lori lipitalo mtoni kila masika lifungwe mipira myembamba kwenye matundu ya giaboksi na difu, ncha zake zipandishwe hadi chini ya kabini. Mafuta machafu yawekwe katika debe lenye kifuniko. Usiyamwage shambani wala kando ya kisima.