Kodi ya miezi 14

Don Ramón anadaiwa kodi ya miezi 14. Kila Señor Barriga, mwenye nyumba, anapoingia uani kudai chake, hupokewa na kipigo cha bahati mbaya kutoka kwa Chavo, mtoto yatima wa miaka minane, huku mdaiwa ameshajificha. Vipindi vinapita, deni liko palepale. Vitisho vya kumtolea vyombo nje vipo, lakini mwisho wa yote Don Ramón habanduki.

Kwangu mimi, nguvu ya El Chavo del Ocho iko hapo. Kichekesho hiki cha Mexico alikitunga Roberto Gómez Bolaños, maarufu kama Chespirito, na Chavo akamcheza mwenyewe ilhali ameshapita miaka 40. Kilianza kama igizo fupi ndani ya kipindi kingine, kikajitegemea mwaka 1973 hadi 1980. Brazili wanakitazama kwa Kireno tangu 1984.

Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga atawatambua majirani hawa mara moja. Quico akilia tu, mama yake, Doña Florinda, anatoka mbio na kumzaba kofi Don Ramón bila kuuliza kisa. Mara Profesa Jirafales, mpenzi wa Doña Florinda, anatokea na maua, na hasira yote inayeyuka.

Katikati ya kelele hizo yuko Chavo, na njaa yake haifichwi. Pipa la uani ndilo kimbilio lake. Mkate wenye nyama ya nguruwe ndiyo ndoto yake. Gómez Bolaños alithubutu kuchekesha kwa umaskini bila kumdhalilisha maskini, kazi ambayo waigizaji wengi hushindwa.

Mwaka 2020 kipindi kiliondolewa hewani kwa mgogoro wa haki za matangazo, miaka sita baada ya mtunzi kufariki. Kilirejea 2024 na watu wakakipokea, wakiwemo waliozaliwa muda mrefu baada ya Ramón Valdés, aliyemcheza Don Ramón, kufariki mwaka 1988.

Ukikipata, anza na vipindi vya Acapulco vya 1977. Majirani wote wanakwenda kupumzika ufukweni, Chavo anabaki peke yake uani. Anayemchukua kwenda naye ni Señor Barriga, yuleyule anayepigwa kila akija kudai kodi. Kitazame na watoto wako.