Waliosimama Nyuma Nao Wana Sura

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, shule zetu nyingi hupiga picha ya pamoja ya wafanyakazi. Picha hiyo hutiwa fremu, ikatundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, na chini yake yakaandikwa maneno ambayo msomaji ameyaona mara nyingi: "Walioketi, kutoka kushoto", kisha majina na vyeo; "Waliosimama, safu ya kwanza", kisha majina pasipo vyeo; na hatimaye, kwa safu ya nyuma kabisa, maneno mawili tu: "na wengineo". Mimi ni mtu wa isimu, na maneno ndiyo riziki yangu. Hata hivyo, nimeanza kuamini kwamba karani huandika "na wengineo" kwa kuwa taa ya mpiga picha ilikwisha kuamua hivyo kabla yake.

Mwezi wa Novemba uliopita nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili katika shule moja isiyo mbali na soko la Kianjai, kandokando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Nilipokuwa nikisubiri ofisini, niliitazama picha ya wafanyakazi ukutani. Ilikuwa imepigiwa ndani ya bwalo, na sababu yake mkaaji wa Tigania haihitaji kuelezwa. Miezi ya Oktoba hadi Disemba ni ya mvua huku kwetu. Hata mvua ikianuka, sisi tu jirani wa ikweta. Jua la saa sita hukaa utosini na kuyageuza macho ya watu kuwa mashimo meusi. Basi watu wakaingia bwaloni.

Walioketi mbele waling'aa, hususan mapaji ya nyuso na pua. Safu ya pili ilionekana kwa taabu. Ya tatu ilikuwa kola za mashati na meno. Mama mmoja wa makamo aliniletea chai, akaniona nikiitazama. "Mwalimu, mimi ni huyu hapa," akasema, na kuweka kidole juu ya giza. Alijitambua kwa kitambaa cha kichwani. Niliambiwa baadaye kwamba amekuwa akipika katika shule hiyo tangu kabla ya walimu wengi wa sasa kuajiriwa.

Tusimlaumu mpiga picha kabla ya kuieleza kanuni iliyomshinda, nayo mwalimu wa fizikia aweza kuifundisha kwa kipindi kimoja. Mwanga wa taa ndogo hutawanyika kadiri usafirivyo. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika haubaki nusu, bali robo. Ukiongezeka mara tatu, hubaki sehemu moja kwa tisa. Tuseme taa ya flashi iko mita 3 kutoka kwa walioketi, na safu ya mwisho iko mita 3 nyuma yao. Wale wa nyuma wako mita 6 kutoka kwenye taa, hivyo hupata robo tu ya mwanga anaoupata mwalimu mkuu. Sasa irudishe taa hadi mita 9. Walioketi wako mita 9, wa nyuma mita 12. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba wa nyuma sasa wanapata sehemu 9 kwa 16 za mwanga wa walio mbele, yaani zaidi ya nusu. Watu ni wale wale na viti ni vile vile.

Ila taa iliyorudishwa nyuma yapaswa kuwa na nguvu mara tisa ili iwafikie walioketi kama ilivyowafikia mwanzo, na vijitaa vya simu zetu haviwezi kazi hiyo. Katika kumbi za mijini, mpiga picha huielekeza flashi kwenye dari jeupe, mwanga ukarudi chini kwa wote kama manyunyu. Bwalo la shule aghalabu halina dari. Juu ni mabati na boriti zilizopakwa moshi wa kuni, na mwanga ukipanda huko haurudi.

Kuna jambo jingine, nalo halitoki Kianjai. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilizisambazia maabara za kusafishia picha kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Msomi wa Kanada, Lorna Roth, aliichunguza historia hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 2009, akaonyesha kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu zikarekebishwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, maana kahawia za bidhaa zao zilikuwa hazitofautishwi. Naam, meza na peremende zilisikizwa! Mwaka 2021 kampuni ya Google nayo ilitangaza simu yenye kamera iliyorekebishwa makusudi ili iwatendee haki watu wenye ngozi nyeusi. Mambo yamesonga, lakini kamera ingali haijui inamtazama nani. Hupima wastani wa mwanga wa kila kilichomo ndani ya fremu. Ukuta nyuma ya watu ukiwa mweupe, na wahudumu wa maabara wakiwa mbele na makoti yao meupe, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na wanaozama ni wenye ngozi nyeusi waliosimama mbali na taa. Dawa yake ni kuipimia kamera kwenye uso wa mtu. Kwa simu nyingi, gusa uso wa mmoja wa safu ya nyuma kwenye kioo, kisha uongeze mwanga kidogo.

Mimi ningeizima flashi kabisa. Bwalo huwa na milango mipana ya mbao upande mmoja. Ifunguliwe yote, watu wapangwe hatua chache ndani wakiielekea, na mpiga picha asimame mlangoni, pembeni kidogo asiwatilie kivuli. Siku ya mawingu, mbingu yote hugeuka taa moja kubwa yenye mwanga mpole, na tofauti baina ya safu ya kwanza na ya mwisho hupungua sana. Madirisha yasiwe nyuma ya watu, la sivyo watageuka vivuli. Taa za ndani nazo zizimwe, kwa sababu mwanga wa balbu ni wa manjano, wa zile taa ndefu za mirija mara nyingi huvuta kwenye kijani, na wa mlangoni ni wa buluu. Vyote vikikutana usoni pa mtu mmoja humfanya aonekane mgonjwa. Kwa kuwa mwanga wa mlangoni ni mchache kuliko wa flashi, kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu au meza, watu watulie, na zipigwe picha sita au saba. Katika kundi la watu arubaini, daima kuna anayepepesa macho.

Mpangilio pia una siri zake. Mabenchi ya bwaloni yatumike: safu ya tatu isimame juu yake, kila kichwa kikitokea baina ya mabega mawili ya walio mbele. Safu zipindwe kama mwezi mchanga, ili wa pembeni wasiwe mbali na kamera kuliko wa katikati. Mpiga picha apande juu ya kiti. Kamera iliyo usawa wa macho ya walioketi huwaona wao tu. Tena asisogee karibu mno kwa lenzi pana, kwa kuwa wa pembezoni hunyooshwa wakanenepa wasivyo.

Ataniambia mtu kwamba cheo ni cheo, na kwamba mwalimu mkuu hawezi kusimama juu ya benchi na mlinzi akaketi. Sina ugomvi na hilo. Mwalimu mkuu aketi katikati, naibu wake kuume kwake, kama ilivyo desturi. Ninachokipinga ni kuigawa nuru kwa vyeo. Kiti ni heshima apewayo mtu na wenzake. Kuonekana uso ni haki ya kila aliyeitwa aje kupigwa picha. Isitoshe, lugha yenyewe iko upande wangu. Katika mazungumzo ya kila siku, aliyesimama mbele ya kamera husema "nimepiga picha" badala ya "nimepigwa picha". Wasanifu wa lugha hukunja uso, lakini mimi naona hekima humo: msemaji amejihesabu kuwa mtenda. Mama yule wa chai angesema hivyo hivyo, ingawa picha yenyewe ilimkana.

Limebaki suala la maandishi. Kabla safu hazijatawanyika, karani apite na daftari, amwulize kila mtu jina lake kama yeye mwenyewe alitamkavyo, tangu kwa mwalimu mkuu hadi kwa mchanja kuni. Majina ya wazee wengi wa Kimeru huanza na M yenye ritifaa, nayo ritifaa hiyo ni sehemu ya jina, isiachwe. Aandike safu baada ya safu, akisimama pale pale alipo mpiga picha, kwa sababu kushoto kunakotajwa chini ya picha ni kushoto kwa mtazamaji. Akiandika akiwa amesimama upande wa waliopangwa, mpishi atapewa jina la bawabu.