Umfuate Pompey: Utangulizi wa Weusi katika Filamu za Kauboi

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria moja: stelingi hafi. Atachezea kichapo, ataangushwa kwenye farasi, lakini mkanda ukiisha ndiye aliyebaki amesimama. Kwa sheria hiyo, siku ya kwanza kumwona Woody Strode nilijua stelingi nimempata. Ilikuwa *Once Upon a Time in the West* ya Sergio Leone, ya mwaka 1968. Jitu jeusi lenye kipara limesimama chini ya tangi la maji kwenye kituo cha treni, linasubiri. Tone linamdondokea utosini. Halisogei. Linavaa kofia, maji yanajikusanya kwenye ukingo wake, na treni inapofika linaivua taratibu, linayanywa yale maji. Kamera inampenda mtu huyu. Dakika chache baadaye kapigwa risasi, na hadithi yenyewe haijaanza.

Taaluma ninayokukaribisha imezaliwa na mshtuko wa namna hiyo. Swali lake si kama Weusi walikuwamo kwenye filamu za kauboi. Walikuwamo. Tunauliza walipewa nini: jina, bunduki, maneno, au kifo cha mapema.

Ukilijibu swali hilo bila historia utapotea. Huko Texas watumwa walichunga ng'ombe kabla ya uhuru, na vita vilipokwisha mwaka 1865 wengi waliendelea na kazi hiyohiyo kwa ujira, wakiswaga makundi hadi kwenye reli za Kansas. Makadirio yanayotajwa sana ni kauboi mmoja Mweusi kati ya wanne; wapo wanaoyapunguza, lakini hakuna anayeyafuta. Mwaka 1866 jeshi la Marekani likaunda vikosi vya farasi vya askari Weusi, cha 9 na cha 10. Hollywood ilipoipeleka nchi ile kwenye skrini, hao wote wakayeyuka.

Weusi wenyewe hawakungoja. Bill Pickett, kauboi wa kweli aliyekuwa akimwangusha fahali kwa kumng'ata mdomo, aliigiza *The Bull-Dogger* mwanzoni mwa miaka ya 1920. Herb Jeffries, mwimbaji, akapanda farasi mwaka 1937 katika *Harlem on the Prairie*, kisha katika filamu nyingine kadhaa kwa ajili ya watazamaji Weusi, enzi ambazo sinema zilikuwa na mlango wa Wazungu na mlango wetu. Bajeti zilikuwa za kuunga-unga na hadithi nyingine nyepesi mno, lakini humo kauboi Mweusi ndiye stelingi, na hafi.

Mzigo mkubwa wa utafiti, hata hivyo, uko kwa mwongozaji John Ford. Mwaka 1960 alimpa Strode, mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, nafasi ya sajenti wa kikosi cha 9 anayeshtakiwa kwa ubakaji na mauaji. Filamu ikaitwa kwa cheo na jina la mhusika wake, *Sergeant Rutledge*; kwenye matangazo jina la mwigizaji Mzungu, Jeffrey Hunter, likatangulia.

Miaka miwili baadaye ikaja *The Man Who Shot Liberty Valance*, na humo Strode ni Pompey, mtu wa Tom Doniphon, yaani John Wayne. Doniphon anamwita kwa neno lilelile lililoingia kwenye Kiswahili chetu kama "boi", ingawa Strode wakati huo alikaribia miaka 50. Darasani Pompey anasomeshwa Tangazo la Uhuru la Marekani na anasahau pale panaposema watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu wake, Stoddard, anamfariji kwamba wengi hupasahau. Kwenye baa, mhudumu anakataa kumuuzia. Doniphon akichoma nyumba yake kwa ulevi na uchungu, Pompey ndiye anayemtoa motoni.

Wanafunzi wengi huishia hapo: mtumishi mwaminifu, basi. Rudi nyuma kidogo. Usiku jambazi Valance anapouawa, Pompey ndiye aliyemrushia Doniphon bunduki. Seneta Stoddard amepanda vyeo vyote kwa sifa ya risasi ambayo hakuipiga yeye, na Pompey alijua tangu dakika ile. Miaka mingi baadaye waandishi wa habari wanataka ukweli, naye amekaa hatua chache tu, kando ya jeneza la Doniphon. Hakuna anayemuuliza. Stoddard akiondoka anamtia pesa mkononi.

Kwa nini Ford aliipanga hivyo, wataalamu hawajakubaliana. Mimi naona alijua alichokuwa akifanya. Strode mwenyewe akaenda Italia, na mwaka uleule wa 1968 akaigiza mhusika mkuu wa filamu ya Valerio Zurlini, mhusika aliyechongwa kutokana na kiongozi wa Kongo, Patrice Lumumba. Wasomaji wa Kongo wangeanzia huko. Huko Marekani Sidney Poitier aliongoza *Buck and the Preacher* mwaka 1972, kuhusu watumwa waliokombolewa wakihamia magharibi, na mambo yakaanza kubadilika.

Wewe anza na *Liberty Valance*. Itazame mara mbili. Mara ya pili mwache John Wayne aende zake, umfuate Pompey.