Je, Waya wa Laki Mbili Hupendezesha Wimbo?

Jambo lililotokea sebuleni kwangu hapa Songea huenda likafika na kwako, maana siku hizi nyumba nyingi zimeachana na kaseti na sidii. Wimbo wa kwaya tunauvuta kutoka kwenye intaneti, unaingia kwenye ruta, unapita kwenye waya hadi kwenye chombo cha muziki, ndipo spika zinaimba.

Jioni moja baba watoto alirudi na habari kutoka dukani. Alikuwa amelalamika kwamba muziki wetu umefifia kama unatokea chini ya blanketi, na muuzaji akamwambia kosa ni la ule waya mwembamba wa kijivu unaotoka kwenye ruta. Akamwonyesha mwingine, mnene, umesukwa kama nywele za bibi harusi, ncha zake zinang'aa kama dhahabu. Bei yake shilingi laki mbili na elfu arobaini. Wa kwetu tuliununua elfu sita.

Akina mama wa Ruvuma mnaijua miezi ya mwisho wa mwaka. Mvua inakaribia, mahindi yanataka mbolea, na nyuma yake Januari inakuja na sare na madaftari. Fedha iliyokuwamo ndani ilikuwa ya mbolea. Nikamwambia, "Baba watoto, tuulize kwanza." Akanyamaza. Mnakujua kunyamaza kwa mwanaume aliyekwisha kuamua.

Kesho yake nilimwendea kijana wa mtaani kwetu ambaye kazi yake ni kufunga mitandao maofisini. Akaniambia, "Mama, ndani ya waya ule hamna sauti. Mna hesabu tu."

Maana yake ni hii. Wimbo umekwisha kugeuzwa kuwa tarakimu, sifuri na moja, nazo husafiri zimegawanywa katika mafungu madogo madogo. Kila fungu lina namba ya ukaguzi mwishoni. Chombo kinachopokea hupiga hesabu upya. Isipolingana, fungu hutupwa, na kwa kawaida jingine kama hilo huombwa. Yaliyofika salama huwekwa akiba kwa muda kabla ya kuimbwa. Dada yako wa Mbinga akikutumia kipimo cha maandazi kwa ujumbe, usome kwenye simu ya bei rahisi au ya ghali, unga ni ule ule na sukari ni ile ile. Basi waya ukiwa mbovu, wimbo utakatika au utanyamaza kabisa, lakini sauti haiwezi kuwa kali au nzito kwa sababu yake.

Tena mzigo wenyewe ni mdogo. Muziki wa ubora wa sidii unahitaji megabiti 1.4 hivi kwa sekunde. Waya wa kawaida, ule ulioandikwa Cat 5e, hubeba megabiti 1,000 kwa sekunde hadi umbali wa meta 100. Ni sawa na lori la tani 10 kubeba kilo 14 za unga!

Fikiria pia safari iliyotangulia. Nyimbo nyingi zilizohifadhiwa ng'ambo hutufikia kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, inayotua Dar es Salaam. Kutoka huko hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900. Mikongo hiyo miwili ilipokatika Mei 2024, intaneti ilisumbua nchi nzima. Meta mbili za mwisho, nyuma ya kabati langu, zitaongeza utamu gani?

Nisimwonee muuzaji, waya nao una mambo yake. Ukikandamizwa na mguu wa kochi au ukitafunwa na panya, badilisha. Baadhi ya programu za muziki hushusha ubora zenyewe mtandao ukiwa mzito. Hapo sauti hufifia kweli, ila dawa yake iko kwenye kasi ya intaneti na mipangilio ya programu. Na waya unaokwenda kwenye spika ni habari nyingine: huo unabeba umeme wa sauti yenyewe, ukiwa mwembamba na mrefu mno utaudhoofisha.

Baba watoto hakuridhika na maneno. Muuzaji, na kwa hili namsifu, akatuazima ule waya kwa siku moja. Tukamfunga mzee kitambaa machoni, kijana akawa anarusha sarafu kuchagua waya upi achomeke. Mara kumi. Alipatia tano. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilikwenda kuangalia chai jikoni.

Niliporudi kijana alikuwa amesimama mbele ya kabati. "Mama, na hivi vitambaa?" Ni vile vyangu vya kufuma, vizito, nilivyofunika spika zote mbili tangu Pasaka ili zisiingie vumbi. Akaviondoa, akazisogeza spika mbele kidogo zitoke kwenye pango la kabati. Sauti za soprano zikatoka wazi, kila neno linasikika.

Baba watoto alinitazama, hakusema kitu. Vitambaa sasa viko kwenye viti, waya wa elfu sita uko pale pale, na mifuko ya mbolea tuliinunua Jumamosi iliyofuata.