Muda Ulioandikwa na Mlango wa Kutokea (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia ajira, na niliahidi kwamba leo tutahamia kwenye vyeo vya umma na ardhi. Kwanza nilipe deni la neno lenyewe. Kiswahili hakina neno moja linalobeba mambo haya matatu. Kazini tunasema fulani ameajiriwa kwa kudumu, au yuko kwa mkataba. Kwenye vyeo tunasema muhula. Kwenye kiwanja tunasema hati na miliki. Waingereza wana neno moja kwa yote, "tenure", lenye asili ya kitenzi cha Kilatini kinachomaanisha kushika. Kitenzi hicho hata sisi tunacho: mtu hushika wadhifa, na mwingine hushikilia shamba.

Tukitaka kujua mtu ameshika kwa nguvu kiasi gani, wengi wetu tunahesabu miaka. Hapo ndipo tunapopotea. La kuuliza ni nani anaweza kumwondoa, kwa sababu gani, na baada ya kupitia hatua zipi.

Chukua mkuu wa wilaya. Hana muhula. Anaweza kukaa miaka minane, anaweza kukaa miezi minne. Jioni moja taarifa ya Ikulu inasomwa redioni kwamba uteuzi wake umetenguliwa, na mara nyingi sababu haitajwi. Aliyemteua ndiye anayemtengua, na hahitaji kesi.

Sasa mtazame Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Naye huteuliwa na Rais, lakini Ibara ya 144 ya Katiba ya Tanzania imemjengea ukuta. Atakoma kushika madaraka akifikisha umri uliowekwa. Kabla ya hapo, haondolewi isipokuwa ameshindwa kazi kwa maradhi au sababu nyingine, ana tabia mbaya, au amevunja sheria ya maadili ya viongozi. Na hata hayo lazima yachunguzwe na tume ambayo mwenyekiti wake, na angalau nusu ya wajumbe, ni majaji au waliowahi kuwa majaji. Ukuta huo una maana yake: mtu anayekagua matumizi ya Serikali hawezi kuandika ukweli huku akichungulia dirishani.

Ukuta ulijaribiwa mwaka 2019. Profesa Mussa Assad, aliyeteuliwa kushika wadhifa huo mwaka 2014, alikuwa ameingia kwenye mvutano na Bunge kwa kusema ni dhaifu. Novemba 2019 nafasi yake ilipewa mtu mwingine, wakati yeye hajafikisha miaka 60. Hakuna tume iliyoundwa. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inampa Mkaguzi miaka mitano, nayo imekwisha. Mwanasiasa Zitto Kabwe akaenda mahakamani, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho cha miaka mitano kinakwenda kinyume na Katiba, na kwamba kumwondoa hakukuwa halali. Hata hivyo haikumrudisha ofisini. Kwangu mimi hilo ndilo somo chungu zaidi: miaka mitano ilionekana kama zawadi kwenye sheria, kumbe ilikuwa mlango wa nyuma.

Tugeukie ardhi. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wachache waliokuwa na umiliki usio na kikomo tangu enzi za wakoloni waligeuziwa mikataba ya miaka 99 kwa sheria ya mwaka 1963. Kwa hiyo mwenye hati ya mjini, iwe ya miaka 33, 66 au 99, hakununua udongo. Amepewa haki ya kuukalia kwa masharti. Aendeleze kiwanja, alipe kodi ya pango la ardhi, asibadilishe matumizi bila kibali. Akikiuka, hati inaweza kubatilishwa hata kama imebaki miaka 80. Lakini hairaruliwi mezani: anapewa ilani na nafasi ya kujieleza.

Kijijini kuna jambo ambalo watu wa mjini huwa hawaliamini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema haki ya kimila ina hadhi sawa kabisa na haki iliyotolewa kwa hati ya mjini. Na kwa mwanakijiji haki hiyo inaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Bibi anayelima shamba la marehemu mumewe huko Njombe, asiye na karatasi hata moja, kisheria anaweza kuwa ameshika kwa muda mrefu kuliko mwenye ghorofa Kariakoo. Udhaifu wake uko kwingine: siku akija mtu na mashine ya kupimia, itabidi majirani wasimame kumshuhudia, na majirani huzeeka.

Hilo linatuleta kwenye barua mlizoniletea kuhusu wajane na mirathi. Wiki ijayo tutaangalia hati inayobaki na jina la marehemu: nani anaruhusiwa kuishika, na kwa nini familia nyingi hukaa nayo kabatini miaka kumi bila kwenda mahakamani.